Siku tisa bila aspirini: uchambuzi wa kisa cha mguu uliopandikizwa mrija

Barua ya rufaa ilikuwa na mistari minne tu, na wa mwisho ulisema: aspirini imeshindwa, mrija umeziba. Aliyeiandika hakufanya uzembe. Kwenye karatasi mgonjwa alikuwa anatumia aspirini, na mrija uliopandikizwa mguuni ulikuwa umeziba kweli. Ukiyaweka mambo hayo mawili jirani, sentensi inajiandika yenyewe. Ila hapakuwa na mtu aliyehesabu vidonge.

Tulivihesabu pale pale mapokezi, mimi na binti yake, tukivimwaga juu ya shuka. Ilikuwa pakiti ya vidonge 30 vya miligramu 75, ile aspirini ndogo ambayo watu huiita junia. Kwa tarehe ya kununua aliyoikumbuka binti, na kwa kidonge kimoja kila asubuhi, vilipaswa kubaki 5. Vilikuwa 14. Tofauti ni 9, na sehemu kubwa ya kisa hiki imo ndani ya vidonge hivyo tisa.

Nimebadilisha mambo kadhaa ili mzee mwenyewe asitambulike.

Mguu wenyewe

Ana miaka 63, dereva wa malori mstaafu, mgonjwa wa kisukari kwa miaka 14, na sigara alivuta tangu ujana hadi wiki aliyofanyiwa upasuaji. Mambo yalianza kwa kusimama njiani. Akitoka nyumbani kwenda msikitini shavu la mguu wa kulia linambana, anaegemea ukuta dakika mbili, linaachia, anaendelea. Aliuita uzee. Halafu ndala ikamchubua kidole gumba, na mchubuko ukawa kidonda ambacho miezi mitatu hakikufunga. Alipopimwa, shinikizo la damu kwenye kifundo cha mguu huo lilikuwa asilimia 38 ya lile la mkononi. Kwa mtu mzima mwenye ateri nzuri vipimo hivyo viwili hulingana, au cha mguu hukizidi kidogo cha mkono. Kikishuka chini ya asilimia 90 tayari tunajua kuna ateri inayobana. Picha ilionyesha ateri kubwa ya paja imeziba kuanzia chini ya kinena hadi karibu na goti. Chini ya goti, kwa bahati yake, ateri mbili kati ya tatu zilikuwa zinapitisha damu.

Familia ilichanga, akapelekwa India. Wapasuaji wa huko walitaka kutumia vena yake mwenyewe, na kila mpasuaji wa mishipa hutaka hivyo. Tangu Jean Kunlin aliposhona vena ya mgonjwa kuruka ateri iliyoziba, mjini Paris mwaka 1948, hakijapatikana kitu cha kuishinda vena pale njia inapolazimika kuvuka goti. Lakini vena ya mguu wake wa kulia ilikuwa nyembamba, sehemu kubwa haikufika milimita 3, na ya kushoto ilishaondolewa zamani kwa sababu ya mishipa iliyovimba. Ikabidi mrija wa plastiki ya PTFE, kutoka kinena hadi chini kidogo ya goti.

Ulifanya kazi. Kidole kilipona, vipimo vya kifundo vikapanda hadi karibu na vya mkono, mzee akarudi kutembea mpaka msikitini bila kuegemea ukuta wa mtu. Alirudishwa nyumbani na kapsuli moja kwa siku yenye dawa mbili ndani yake, aspirini na klopidogreli, pamoja na dawa ya lehemu na zile za sukari. Aliagizwa arudi kupimwa kwa dopla, kile kipimo cha mawimbi ya sauti kinachosikiliza damu ikipita, kila baada ya miezi kadhaa. Alikwenda mara moja, mwezi wa tatu. Mguu hauumi, nauli inauma. Sijawahi kumlaumu mgonjwa kwa hesabu hiyo.

Mwezi wa saba kapsuli za India zikaisha. Binti akaenda na boksi tupu kwenye duka la dawa muhimu la mtaani, muuzaji akasoma neno aspirini, akampa aspirini. Klopidogreli ikaondoka siku hiyo bila mtu yeyote kuamua iondoke. Wapasuaji wengi wangekuwa wanafikiria kuisimamisha kipindi hicho hicho, kwa hiyo kuondoka kwake peke yake si kosa kubwa. Kinachonisumbua ni kwamba uamuzi wa kitabibu ulifanywa na boksi.

Plastiki na chembe sahani

Wakazi wengi wa Dar es Salaam walizoea kusikia habari za chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoanzisha kuganda, wakati wa dengi, mwaka 2014 na tena 2019, ndugu waliposhinda maabara wakiuliza zimeshuka hadi ngapi. Kwenye dengi hofu ni uchache wake. Za mzee huyu zilikuwa 290,000 kwa mikrolita, katikati kabisa ya kawaida, ambayo ni 150,000 hadi 450,000. Idadi haikuwa na neno. Tatizo lilikuwa mwenendo.

Chembe sahani ni kipande kilichomeguka kutoka seli kubwa iliyoko kwenye uboho. Haina kiini, na inazunguka kwenye damu siku 7 hadi 10 kabla ya kuondolewa. Kazi yake ni kuziba tundu. Mshipa ukijeruhiwa, kolajeni iliyokuwa imefichwa chini ya utando wa ndani inabaki wazi. Protini iitwayo von Willebrand inajifunga hapo kama kamba, na chembe sahani zinazopita kasi zinanasa kwenye kamba hiyo. Zikishanasa zinabadilika umbo, zinaota miiba, zinaanza kuita nyingine. Wito huo una sauti mbili zinazotuhusu. Moja ni thromboksani, ambayo chembe sahani huitengeneza hapo hapo kwa kutumia kimeng'enya kiitwacho COX-1. Ya pili ni ADP, iliyokuwa imetunzwa ndani ya vifuko vyake na sasa inamwagwa nje. Wenzake huisikia kwa kipokezi kiitwacho P2Y12. Aspirini hunyamazisha sauti ya kwanza. Klopidogreli huziba sikio linalosikia ya pili.

Ndani ya mshipa mzima utando hutoa prostasaiklini na oksidi ya nitriki, vitu vinavyoziambia chembe sahani zipite na safari zake. Vena ikipandikizwa inakuja na utando huo, ingawa umechubuka kwa kushikwashikwa. Mrija wa PTFE hauna kitu. Damu ikiruhusiwa tu kupita, protini zake zinaupaka mrija kwa ndani, ile ya kugandisha damu iitwayo fibrinojeni ikiwemo, na fibrinojeni ndiyo hasa chembe sahani zilizoamka huishika. Kwa binadamu utando mpya hutambaa kutoka kwenye mishono sentimita moja au mbili hivi, kisha husimama. Sehemu ya katikati hubaki uchi mwezi wa kwanza, na hubaki uchi mwaka wa tano. PTFE, kwa taarifa yako, ni jamii ile ile ya plastiki inayopakwa kwenye vikaango ili yai lisigande. Yai haligandi. Chembe sahani zinaganda.

Sasa niseme kidogo juu ya neno. Wagonjwa wetu husema "damu nzito", na sisi huwajibu kwa "dawa ya kulainisha damu". Nalikubali neno hilo kibarazani, silikubali kwenye maelekezo ya mgonjwa. Aspirini hailainishi chochote. Damu ya anayeitumia ina uzito ule ule wa jana, ila chembe zake zimepoteza sauti moja. Warfarini nayo tunaiita ya kulainisha, heparini nayo, rivaroxabani nayo, ingawa hizo huzuia protini za kugandisha, si chembe sahani. Tumezitia kwenye kapu moja dawa ambazo kwa mtu anayetaka kung'oa jino hatari zake hazifanani hata kidogo. Jirani mmoja alimshauri mzee aongeze kitunguu saumu na tangawizi "vilainishe vizuri zaidi". Hilo halikumdhuru. Lile neno lilimdhuru.

Kalenda

Lilianza na gego. Mng'oa meno, katika kituo ambacho sitakitaja, alimuuliza anatumia dawa gani. Mzee akajibu kama tulivyomfundisha: ya sukari, ya lehemu, na ya kulainisha damu. Akaambiwa hiyo ya damu aiache wiki nzima kwanza, ndipo aje.

Ili kuona uzito wa ushauri huo lazima ujue aspirini inavyofanya kazi, maana ni dawa ya ajabu kidogo. Yenyewe haikai mwilini. Ndani ya dakika 20 hivi nusu ya iliyoingia kwenye damu imeshageuzwa kitu kingine. Lakini katika muda huo mfupi inabandika kipande cha asetili kwenye COX-1 ya kila chembe sahani inayokutana nayo, na kimeng'enya hicho hakifanyi kazi tena. Seli yenye kiini ingetengeneza kingine. Chembe sahani haiwezi, kwa hiyo inabaki bila sauti hadi siku ya kuondolewa. John Vane alionyesha mwaka 1971 kwamba aspirini huzuia utengenezaji wa prostaglandini, kemikali za ukoo mmoja na thromboksani, na mwaka 1982 akapewa Tuzo ya Nobeli pamoja na Sune Bergström na Bengt Samuelsson. Kipande cha chembe kisichoweza kujitengeneza upya ndicho kinachoifanya dozi ndogo mara moja kwa siku itoshe.

Mtu akiacha, uboho ndio unaoshika hesabu. Kila siku karibu sehemu moja ya kumi ya chembe sahani ni mpya, hazijawahi kuonana na aspirini. Siku ya tatu zimekaribia theluthi. Wala hazihitaji kuwa nyingi: zenye sauti zikifika kama asilimia 20 ya zote, uwezo wa kuganda unakaribia wa mtu asiyetumia dawa, kwa sababu thromboksani ya hizo chache huziamsha hata zile zilizonyamazishwa.

Mzee alimeza kidonge cha mwisho Jumapili asubuhi. Kufikia Jumatano ya wiki hiyo kinga yake kwenye mrija ilikuwa imeshavuja sehemu kubwa. Jino liling'olewa Jumatatu iliyofuata, siku ya nane tangu kidonge kile, wakati ambapo chembe zilizowahi kuguswa na aspirini zilikuwa mabaki tu. Damu ilikata haraka. Kila mtu akaona ushauri ulikuwa wa busara, na kwa upande wa kinywa ulikuwa hivyo. Hakuna aliyekuwa anaangalia upande wa goti.

Jumanne hakumeza, alikuwa bado na pamba mdomoni. Hizo ndizo siku tisa: Jumatatu hadi Jumanne ya pili yake. Alikula uji, alikunywa maji kidogo, sukari ikapanda. Jeraha lolote, hata la jino, huufanya mwili uongeze fibrinojeni na kuwa mwepesi wa kugandisha. Ndivyo tulivyoumbwa tusimwage damu yote.

Kilichofuata kilinikera zaidi kuliko wiki nzima iliyotangulia. Jumatano mzee alirudisha aspirini. Alikumbuka mwenyewe, hakukumbushwa. Lakini alikuwa ameandikiwa ibuprofeni miligramu 400 mara tatu kwa siku kwa maumivu ya fizi, na saa moja asubuhi, baada ya chai, alivimeza vyote pamoja. Alhamisi tena vile vile.

Ibuprofeni huingia kwenye mfereji ule ule wa COX-1 ambao aspirini inapaswa kuupita ili ifike inapobandika. Tofauti ni kwamba ibuprofeni haibandiki. Inakaa mlangoni saa kadhaa, inaondoka. Aspirini inakuja, inakuta mlango una mtu, inazungukazunguka dakika zake 20 na kuisha. Jioni ibuprofeni inapotoka, chembe sahani imebaki nzima na sauti yake. Jambo hili lilionyeshwa kwa watu mwaka 2001, na mwaka 2006 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa maelekezo: anayetumia aspirini ya kawaida ameze ibuprofeni angalau dakika 30 baada ya aspirini, au zaidi ya saa 8 kabla yake. Katika utafiti ule wa 2001 parasetamoli haikuingilia, wala diklofenaki, ingawa diklofenaki ina mashaka yake mengine kwa moyo na figo na nisingempa mzee huyu.

Kwa hiyo hata vile vidonge viwili vya Jumatano na Alhamisi, vilivyotoka kwenye pakiti na kuhesabika kuwa vimemezwa, huenda havikufanya lolote la maana. Kwenye pakiti siku bila dawa ni tisa. Kwenye damu zilikuwa kumi na moja.

Ijumaa, saa kumi alfajiri, aliamka kuswali akakuta mguu una ganzi. Alidhani ameulalia. Binti akamchua kwa mafuta ya moto, na ni yeye aliyegundua kwamba unyayo mmoja ni mweupe na wa baridi, "kama samaki aliyetoka kwenye barafu", alivyosema. Walifika kwetu saa nne, na barua ya zahanati mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba daktari. Mguu umenisaliti."

"Pole sana. Dawa unakunywa?"

"Nakunywa."

Binti akaingilia kwa sauti ya chini: "Baba, si uliacha ile wiki ya jino?"

"Ah, niliambiwa. Mbona nimesharudi."

Majibu yote matatu ni ya kweli. Swali langu ndilo lilikuwa baya. Siku hizi nauliza: mara ya mwisho kukosa kidonge ilikuwa lini, na kwa nini, kisha naomba pakiti.

Mguuni hapakuwa na mapigo popote chini ya kinena. Vidole vilikuwa na ganzi lakini alivisogeza nilipomwambia, na dopla ilisikia vena, haikusikia ateri. Tafsiri yake ni mguu ulio hatarini ambao bado unaokolewa, mradi mtu asikae kusubiri kesho. Heparini uniti 5,000 kwenye mshipa, kisha ya kutiririsha, akaondoka na gari la wagonjwa kuelekea hospitali yenye mpasuaji wa mishipa.

Upande wa pili wa hoja

Ningeishia hapo kisa kingekuwa kizuri mno, na ningekuwa nimedanganya. Mpasuaji alifungua kinena na chini ya goti, akapitisha katheta ya Fogarty, ule mpira mwembamba wenye kipira kwenye ncha ambayo Thomas Fogarty aliitoa miaka ya mwanzo ya 1960, akavuta bonge la damu refu lililojaza mrija wote. Baada ya kuusafisha akapiga picha. Mshono wa chini, pale plastiki inapokutana na ateri, ulikuwa umebana. Utando wa ndani ulikuwa umenenepa kwa seli za misuli laini, jambo la kawaida kati ya mwezi wa kwanza na mwaka wa pili baada ya upasuaji wa namna hii. Akapanua kwa kushona kiraka cha vena.

Kwa hiyo mtu ana haki ya kuniambia: mrija uliziba kwa sababu ya mshono, aspirini unaipa sifa isiyostahili. Nimelifikiria sana. Mirija huziba kwa sababu tofauti kwa nyakati tofauti: ndani ya siku 30 tunamtazama mpasuaji, baada ya hapo hadi miaka miwili tunautazama mshono, baadaye tunautazama ugonjwa wenyewe ukiendelea kula ateri. Mzee alikuwa mwezi wa nane, ambapo mshono ni mshukiwa wa kwanza. Na dopla ya mwezi wa sita, ambayo hakuifanya, ingeweza kuuona ukianza kubana.

Lakini mshono haukunenepa kwa siku kumi na mbili. Ulikuwa hivyo au karibu na hivyo wiki nyingi, damu ikipita kwa taabu lakini ikipita. Penye mbano mwendo wa damu huvurugika: hapa inakwenda kasi mno, pale inazunguka na kutulia, na chembe sahani huamka hata pasipo kidonda kwa sababu ya msuguano huo. Mrija wa aina hiyo ni kama daladala iliyojaa inayopanda mlima kwa gia ya kwanza. Inafika, ila haina akiba. Kilichobadilika zaidi katika siku hizo ni chembe sahani, zikapata sauti wakati ule ule ambao njia haikuwa na nafasi ya kelele. Chembe zenyewe kwa upande wao hutoa vitu vinavyozihimiza seli za misuli laini zikue, kwa hiyo hata unene ule wa mshono hazikosi mkono ndani yake.

Neno "imeshindwa", na ndugu yake "usugu wa aspirini", nayaogopa kwa sababu yanafunga faili. Yapo mambo ya kweli ndani yake. Wagonjwa wa kisukari wengi hubadilisha chembe sahani kwa kasi, kiasi kwamba dozi ya asubuhi hupungua nguvu kabla ya asubuhi nyingine. Aspirini iliyofunikwa ganda ili isiumize tumbo hunyonywa vibaya na baadhi ya watu, wakaonekana sugu kumbe dawa haikuingia. Lakini haya ni ya kufikiria ukishamaliza kuhesabu vidonge na kuuliza habari za ibuprofeni. Hatuna mashine ya kupima utendaji wa chembe sahani, na hata zilipo, miongozo haielekezi kuzitumia kwa kila mgonjwa wa baipasi, yaani aliyepandikizwa njia ya kuruka ateri iliyoziba. Kuhesabu hakuna gharama.

Apewe nini sasa

Aliporudi kwetu siku ya sita, mguu una joto na kidole kizima, swali lilikuwa dawa za miaka inayokuja. Majaribio makubwa matatu yalikuwa kichwani mwangu.

La Waholanzi, lililochapishwa mwaka 2000, lilikuwa na wagonjwa 2,690 wenye mishipa iliyopandikizwa chini ya kinena. Baadhi walipewa aspirini miligramu 80, wengine dawa za jamii ya warfarini. Kwa jumla hakuna kundi lililoshinda. Walipotenganishwa, wenye vena walikuwa afadhali kwa jamii ya warfarini, wenye plastiki afadhali kwa aspirini, na kuvuja damu kukubwa kulikuwa karibu mara mbili kwa jamii ya warfarini. Nalipenda jaribio hili kwa sababu linasema kwa wagonjwa kile ambacho maelezo ya chembe yanasema kwa nadharia: plastiki ni uwanja wa chembe sahani.

CASPAR, mwaka 2010, liliwachukua wagonjwa 851 wa baipasi inayoishia chini ya goti, kama mzee wetu. Wote walipewa aspirini, nusu wakaongezewa klopidogreli. Waliopata balaa, yaani mrija kuziba, kurudiwa upasuaji, kukatwa mguu au kufa, walikuwa 149 kati ya 425 wenye klopidogreli na 151 kati ya 426 wasio nayo. Sare. Ila kwa wenye plastiki peke yao hatari ilishuka kwa asilimia 35. Matokeo ya kundi dogo ndani ya jaribio lililotoka sare huchukuliwa kwa mkono wa kushoto, lakini yanaelekea upande ule ule wa Waholanzi, na waliovuja damu sana hawakuongezeka kwa kiwango cha kutisha.

Kisha VOYAGER, mwaka 2020, wagonjwa 6,564 waliofunguliwa ateri za miguu kwa upasuaji au kwa katheta. Aspirini pamoja na rivaroxabani miligramu 2.5 mara mbili kwa siku ilishusha matukio mabaya kutoka asilimia 19.9 hadi 17.3 kwa miaka mitatu, na kuvuja damu kukubwa kukapanda kutoka asilimia 1.87 hadi 2.65. Huu ndio ushahidi mzito kuliko yote kwa mtu kama yeye, na ndiyo dawa niliyotaka. Kidonge cha miligramu 2.5 hatukukipata mjini kwetu. Kulikuwa na wazo la kununua cha miligramu 10 na kukikata vipande vinne kwa kisu cha jikoni. Nilikataa. Kipande kimoja kitakuwa kikubwa, kingine unga, na mtu mwenye mishono mipya kinenani si wa kufanyiwa makisio.

Tukabaki na aspirini na klopidogreli, kila moja kwenye pakiti yake, hakuna kapsuli ya pamoja. Tukaondoa omeprazoli aliyokuwa akinunua mwenyewe kwa kiungulia: klopidogreli huingia mwilini ikiwa haijaamka, na kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2C19 ndicho huiamsha, omeprazoli hukizuia kimeng'enya hicho, na Wamarekani wametoa onyo juu ya mchanganyiko huo tangu 2009. Akapewa pantoprazoli. Dawa ya lehemu iliendelea, dopla ikapangiwa tarehe, na tarehe ikaandikwa kwenye simu ya binti badala ya kadi.

Juu ya boksi la aspirini binti aliandika kwa kalamu ya wino mzito: ISIACHWE BILA KUMPIGIA DAKTARI, HATA KWA JINO. Nambari ikafuata.

Nambari hiyo ilipigwa miezi mitano baadaye. Gego la upande wa pili. Aliyepiga alikuwa mng'oa meno mwingine, kijana, aliyesoma boksi. Tuliongea dakika kumi. Miongozo ya wenzake, ya Uskoti na ya Marekani miongoni mwayo, inaelekeza jino ling'olewe bila kuacha aspirini, na hata kwa dawa mbili damu huzuiwa pale pale kinywani: jino moja kwa mara moja, asubuhi ili siku nzima iwepo ya kuangalia, mshono, na kung'ata shashi. Kwa maumivu, parasetamoli. Aliniuliza atawajibika nani damu ikikataa kukata. Nikamwambia anipigie, nije.

Hakupiga. Mishono miwili, nusu saa ya kung'ata shashi, mate ya pinki hadi jioni. Jumatatu mzee alikuja kliniki shavu likiwa limevimba kidogo, akaketi, na kabla sijafungua mdomo akatoa pakiti mbili mfukoni, akaziweka mezani mbele yangu.

"Hesabu, mwanangu."